Ufagio wa Wifi

Nyumbani, 9 Januari

Wifi yangu mpendwa,

Marahaba. Najua shikamoo yako imeshatoka kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo naipokea mapema. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Jirani yangu kinyozi anakusalimu. Bado anashikilia kwamba kaka yangu alikuwa na nywele nzuri kabla hajakuoa.

Mgeni wetu, mwanenu, alifika salama. Kaka yangu alimshusha mlangoni, akanywa chai akiwa amesimama, akarudi kwenye barabara zake kama mtu anayefukuzwa. Nilidhani jina la Chiriku mlimpa kwa mapenzi tu. Kumbe lilikuwa onyo. Tangu alipovua viatu hajafunga mdomo. Ameniuliza kwa nini cherehani ina mguu mmoja, kwa nini wateja wanavuliwa viatu, na kwa nini sina mtoto. Hilo la mwisho nilimwambia nilikuwa namsubiri yeye. Akaridhika, akaenda kutafuta swali lingine.

Nimempa chumba cha cherehani, maana kina dirisha la mashariki na jua litamwamsha kwa ajili ya shule. Godoro nimelitandika juu ya lile zulia jekundu wanalosimama wateja nikiwapima, ili baridi ya saruji isimguse. Mto nimemshonea mwenyewe, nikaujaza vipande vya vitambaa laini vilivyobaki kwenye nguo za watu. Nyie mmemleta huku kwa ajili ya pumu yake na vumbi la hiyo kambi yenu ya ujenzi wa barabara, basi laleni usingizi. Kwangu vumbi halikaribishwi kiti. Nafagia kabla hajaamka, na jioni narudia. Ukidondosha sindano kwenye sakafu yangu utaiona kutoka mlangoni.

Sikufichi, wifi. Nyumba hii ilikuwa kimya mno tangu mama yetu afariki. Nimefurahi kuletewa kelele.

Wifi yako, fundi cherehani

*

Kambini, 30 Januari

Wifi mkubwa, shikamoo,

Tumeipokea barua yako, na tumeshukuru sana. Kaka yako hajambo. Siku hizi yuko mbele kabisa, wanapokata kilima, na jioni anarudi mweupe kwa vumbi hadi nyusi. Juzi nilimkaribisha kama mgeni, nikamwambia mwenyewe hajarudi. Mimi bado ni karani wa stoo. Nagawa makoleo asubuhi, jioni nayadai, na kambi nzima inasema nina roho mbaya.

Habari za Chiriku zilinichekesha, halafu zikaniliza kidogo. Nyumba yetu ya mabati ni chumba kimoja tu, lakini sasa imekuwa kubwa. Nashukuru Mungu kwamba yuko kwako na si kwa mtu mwingine. Ila naomba uniambie, kifua chake kikoje? Anakohoa usiku? Akiamka anapiga chafya?

Daktari wa zahanati ya kambi alinishika mkono tulipokuwa tunafunga mizigo. Alisema pumu ya mtoto huyu inachokozwa na vumbi la ndani sawa na la nje, na kwamba sakafu isafishwe mara kwa mara. Wewe huhitaji kuambiwa, wifi, najua. Nimeandika tu kwa sababu aliniagiza.

Mke wa kaka yako

*

Nyumbani, 21 Februari

Wifi,

Salamu kwanza, maana hata watu waliokasirika husalimiana. Hatujambo. Goti lipo. Kinyozi yupo.

Sasa tuje kwenye sakafu. Nimeolewa, nimeachika, nimemuuguza mama mkwe wako mpaka siku yake ya mwisho humu humu ndani, na katika yote hayo hakuna aliyewahi kuniambia nisafishe sakafu. Umekuwa wa kwanza. Hongera.

Lakini amri ya daktari ni amri. Sasa nafagia mara tatu. Alfajiri naingia chumbani kwake polepole akiwa bado amelala, nafagia mpaka pembeni mwa godoro, kisha nalipiga zulia kwa mpini wa ufagio hapo hapo lilipo, kwa sababu kulibeba nje goti limekataa. Mchana wateja wakiondoka nafagia tena. Jioni tena. Mikono inaniuma lakini neno la vumbi hutalisikia kwangu.

Mtoto hajambo. Watoto wote wana mafua msimu huu. Tena nikupe habari njema: amekuwa mtulivu. Maswali yamepungua. Akitoka shule anakaa kwenye kigoda ananitazama nikishona, wala hasumbui mtu. Mwalimu wake pia amesema hivyo. Nadhani amepata adabu, jambo ambalo kwa ukoo wetu si dogo.

Wifi yako

*

Kambini, 14 Machi

Wifi mkubwa, shikamoo,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua ilikata njia na mfuko wa barua ukalala kituo cha nyuma. Kaka yako anakusalimu sana, na anaomba goti lako likandwe kwa maji ya moto.

Kama nilikuudhi kuhusu sakafu, naomba radhi. Sikuwa na maana hiyo.

Lile neno lako, mtulivu, nimelisoma mara nyingi. Huku kwetu Chiriku alipokuwa ananyamaza, mimi nilikuwa namwekea sikio mgongoni. Naomba na wewe umwekee, wifi. Jioni moja tu, akiwa amekaa kwenye hicho kigoda.

Habari nyingine za huku ni za kawaida. Labda nikusimulie kuhusu boza letu la maji, maana leo limenifurahisha. Ni lori lenye tangi kubwa, linamwaga maji barabarani. Dereva wake ni mzee mmoja mpole ambaye hajawahi kunikopa koleo. Kabla greda halijapita kusawazisha barabara, lazima boza litangulie. Lisipotangulia, greda linainua vumbi lote, halafu vumbi lile lile linarudi kulala pale pale, na katikati watu wamekohoa mpaka basi. Mzee anasema vumbi halifukuzwi, linalazwa. Pia anasema ukizidisha maji umejitengenezea tope, kwa hiyo anamwaga kwa kipimo. Nikaona ni maneno ya kufikiriwa hata na mtu asiye wa barabara.

Ni hayo tu. Naomba usisahau sikio.

Mke wa kaka yako

*

Nyumbani, 4 Aprili

Wifi,

Hatujambo.

Habari za boza nimezipata. Mimi mafumbo nilianza kuyafumbua ukiwa bado unafungwa vifungo na mama yako, kwa hiyo hili halikunipa shida. Nyumba yangu ni barabara ya vumbi, na mimi ni greda. Nimeelewa. Naendelea kufagia.

Sikio nililiweka. Tuyaache hayo.

Mtoto ameomba aandike mstari wake hapa chini. Sikumsaidia herufi hata moja.

Wifi yako

*Mama shikamoo. Asubuhi shangazi akifagia mimi najifanya nimelala. Jua likiingia dirishani naona vumbi linacheza juu yangu ni zuri lina nyota nyingi sana. Halafu nakohoa.*

*

Kambini, 23 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Safari hii salamu zitakuwa fupi, unisamehe.

Mstari wa mtoto nimeusoma nikiwa dirishani pa stoo, na foleni ya watu wanaotaka makoleo. Nilifunga dirisha. Wakagonga mpaka wakachoka.

Wifi, nilikuwa nakuonea aibu. Wewe ni dada mkubwa wa mume wangu, umemlea, nami ni nani hata nikufundishe kushika ufagio. Ndiyo maana nikazunguka na mabarabara na maboza. Mwanangu anakosa pumzi huko, mimi niko huku natafuta maneno ya heshima. Basi sasa naliweka wazi, ukinikasirikia unikasirikie, nitakuja kukupigia magoti mlango ukiwa wazi au umefungwa.

Si uchafu. Hakuna nyumba safi kuliko yako. Ni ufagio mkavu. Ukifagia sakafu kavu vumbi haliondoki, linapanda. Linakaa hewani muda mrefu wewe ukiwa umeshaenda jikoni, na aliyebaki humo ni yeye. Daktari anasema vumbi la ndani si mchanga tu, kuna nyuzi za vitambaa, na wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho. Wanapenda zulia, wanapenda godoro, wanapenda mito. Kifua chake hakivumilii takataka za wadudu wale. Na sisi tumemlaza juu ya zulia, kwenye chumba cha kushonea.

Nilipoandika sakafu isafishwe, nilimaanisha ipigwe deki. Tambara lenye maji, kila siku, mtoto akiwa hayumo chumbani. Wewe ukaelewa ufagio, na mimi nikaogopa kukusahihisha. Kosa ni langu kama lilivyo lako.

Kuna jambo lingine sikukuambia. Kaka yako ameomba likizo, mwisho wa Mei anakuja kumchukua. Anataka kumpeleka kwa dada yangu. Mimi sitaki, dada yangu ana paka wanne na mume anayevuta sigara. Lakini kama mtoto hapumui, sitakuwa na la kumwambia kaka yako.

Niambie alivyo. Usinifiche, wifi, nakuomba.

Mama Chiriku

*

Nyumbani, 15 Mei

Mama Chiriku, wifi yangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, na safari hii nalisema baada ya kuhakikisha.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikaisukuma chini ya cherehani nikasema sitaijibu. Kesho yake alfajiri nikaingia na ufagio wangu kama kawaida. Mtoto alikuwa ameamka, ananitazama. Nikamwambia anionyeshe hizo nyota zake. Nikafagia kidogo, halafu nikaacha, nikakaa naye godoroni, tukasubiri jua lifike dirishani.

Wifi, sikujua. Miaka yote nafagia nikiangalia sakafu, sijawahi kuinua macho. Lilipanda lote. Likajaa kwenye ule mwanga, likawa linashuka taratibu, kichwani kwake, kwenye mto wake, na mdomoni pia kwa sababu alikuwa anahema mdomo wazi. Nilikuwa nalichota vumbi sakafuni namwekea mtoto puani. Kwa bidii, mara tatu kwa siku, mikono ikiniuma. Nililia, yeye akaniuliza kwa nini, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza baada ya muda mrefu.

Ulisema nisikufiche. Siku niliyomwekea sikio mgongoni nilisikia sauti kama cherehani iliyokosa mafuta. Nikambeba na goti langu hili mpaka zahanati. Muuguzi alimvutisha dawa mpaka akatulia, akampa na nyingine za nyumbani, akaniuliza mama yake yuko wapi. Nilisema mimi ndiye. Ulimi uliteleza, au haukuteleza, sijui. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa mtamchukua. Hiyo ndiyo sababu yote, haina mapambo.

Sasa nikueleze nilichofanya, ucheke. Siku ile ile nilitoa kila kitu chumbani, nikachota ndoo za maji, nikamwaga sakafuni kama nazima moto. Maji yakapita chini ya mlango, yakalowesha kitambaa cha suti ya bwana harusi mmoja, yakamfuata kinyozi barazani. Saruji haikukauka siku ile wala kesho yake. Ukutani kukaanza kunukia ukungu, na mtoto akapiga chafya vizuri tu. Nikakaa kwenye kigoda nimekata tamaa, ndipo nikamkumbuka yule mzee wako na tope lake. Nikaitoa barua ya boza nikaisoma upya, safari hii kama mtu mwenye akili. Msalimie sana. Mwambie kuna greda moja huku limemwelewa.

Siku hizi nalowesha tambara, nalikamua mpaka lisidondoshe tone, napiga deki kuanzia ukuta wa mbali nikirudi nyuma kuelekea mlangoni. Tambara nalisuuza kila baada ya hatua chache. Maji ya ndoo ya kwanza, wifi, yalikuwa kama chai ya maziwa, na hiyo ndiyo sakafu niliyokuringia kwamba sindano inaonekana kutoka mlangoni. Nafanya hivyo akiwa shuleni, na madirisha nayaacha wazi. Zulia nimempa kinyozi. Wateja wake wanalisifia na nywele zinaangukia humo humo, shauri yake. Wateja wangu wanasimama kwenye saruji wakilalamika kuhusu baridi, nami nawapima haraka. Mabaki ya vitambaa yanakaa kwenye debe lenye mfuniko. Mto niliufumua. Kuufumua kuliniuma kuliko kutoa zulia, maana niliushona usiku wa kuamkia siku aliyofika. Seremala ametutengenezea kitanda, na kila Jumamosi mashuka yanalowekwa kwenye maji ya moto.

Cherehani nimeihamishia sebuleni ninapolala. Sasa nalala na nyuzi mimi.

Hajapona, sitakudanganya. Dawa ya muuguzi bado anavuta. Lakini juzi alipanda ngazi za shule bila kusimama, na jana aliniuliza maswali tangu tulipotoka mpaka tukafika nyumbani. Nikamwambia anyamaze kidogo nipumzike. Halafu nikashtuka, nikamwomba aendelee.

Kaka yangu akija, nguo zake nitazifunga mwenyewe. Sitagombana. Ila mwambie aje alale hapa kabla hajaamua.

Wifi yako

*

Kambini, 27 Mei

Wifi mkubwa, shikamoo,

Barua hii anakuja nayo kaka yako mwenyewe mfukoni, na nimeifunga vizuri kwa sababu namjua. Hatujambo sote. Yule mzee wa boza nilimfikishia salamu za greda, akacheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili, na lori lilikuwa limesimama.

Kuhusu muuguzi na ulichomjibu, sikukasirika. Nilikaa nalo siku nzima. Jioni nikaona kwamba aliyembeba ndiye aliyejibu.

Kaka yako ameondoka na begi tupu la mtoto. Tulibishana sana. Mimi nilimwomba jambo moja tu: asiulize mtu yeyote chochote. Alale chumba cha Chiriku, aamke naye, asikilize mwenyewe. Atakaloliona huko nitalikubali, hata likiniuma. Likikuuma wewe, ujue tunaumia wawili.

Mama Chiriku

*

Nyumbani, 3 Juni

Mama Chiriku,

Marahaba. Ukimwona kaka yangu anashuka peke yake usishtuke. Soma kwanza.

Alifika asubuhi wakati napiga deki. Nikamwambia avue viatu, asubiri barazani mpaka sakafu ikauke. Akasema yeye ni mdogo wangu, amesafiri usiku kucha. Nikamwambia anitolee vumbi la barabara zake kwanza. Alikaa kwa kinyozi na begi lake, akanyolewa bila kupenda. Utaona mwenyewe, kinyozi alimwonea huruma kichwa kizima.

Usiku alilala sakafuni pembeni ya kitanda cha mtoto. Mimi sikulala. Nilikuwa nimeshazifunga nguo, nimeziweka karibu na mlango, na nilikaa sebuleni na nyuzi zangu nikisikiliza kama kuna kikohozi. Kulipokucha akatoka macho mekundu. Nikajua yamekwisha. Nikamwuliza kama mtoto alikohoa. Akasema, “Dada, nitajuaje? Hajanyamaza. Ameongea mpaka mimi nikasinzia, nimeamka nikamkuta anaendelea.”

Begi amelirudisha tupu. Amesema mtoto amalize mwaka hapa, na wewe uje likizo umwone. Njoo. Chumba kipo, viatu utaacha nje.

Kichwa kinaniuma kwa maswali, wifi. Leo tangu alfajiri mtoto anataka kujua greda linalala wapi, na kama boza linaota. Nimeshindwa kushona. Nashukuru sana.

Umebaki mstari wake. Herufi zote ni zake.

Wifi yako

*Mama shikamoo. Zile nyota za vumbi hazipo tena nimezitafuta. Siku hizi jua linaingia peke yake.*